Mwezi Mbele, Siku Nyuma

Lubao, 4/6/2025

Dada Alice,

Nimekupigia simu wiki nzima. Yule mwanamke wa mtandao ameniambia hupatikani mpaka sasa nimemzoea kama shangazi. Kwa hivyo leo nimemvizia Christine, yule jirani yenu wa kuku, hapa sokoni, nikamwomba akuletee karatasi hii. Akaniuliza kwa sauti, mbele ya wateja wake, "Ni ya mapenzi?" Nikamwambia ni ya dada yangu. Akasema, "Basi ni ya mapenzi." Watu walicheka, mimi nikatamani ardhi inimeze pamoja na matenga yake.

Ulipokuja kliniki wiki iliyopita hatukuongea vizuri. Unanijua. Mtu wa tatu akiingia chumbani, maneno yangu yanaisha kama maji ya mfereji. Lakini kwenye karatasi naweza kujisifu kidogo, na hakuna anayeniona uso.

Ile kompyuta ambayo nesi wetu, Sista Hamida, alikuandikia ndani, kilichomo ni kazi yangu. Tangu nimalize kidato cha nne nasubiri kuingia chuo cha Sigalagala, nimekuwa nikijifunza kutengeneza tovuti kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Kuna mifumo mtu anachukua ikiwa nusu imejengwa tayari, na inakuja na ukurasa wake wa nyuma, wa msimamizi, mahali ambapo mwenye kazi anajaza majina na kuyaona yamepangwa. Mfumo kama huo ndio niliowawekea hapa kliniki. Shida yake ilikuwa moja: umetoka ng'ambo, unaandika mwezi mbele na siku nyuma. Mimi nikaona haiwezekani, huku kwetu mtu hazaliwi Juni tarehe nne, anazaliwa tarehe nne Juni. Nikatafuta mahali pa kubadilisha, nikabadilisha. Orodha yote ya akina mama sasa inaanza na siku, safi kabisa. Mwenye kliniki akasema, "Huyu mtoto ana kichwa." Nililala nikitabasamu kwenye giza, nisionekane.

Kinachotuchekesha ni fomu ya kujazia. Wakati mwingine inakataa tarehe, inatoa maneno mekundu. Sista anasonya: "Wallahi, hii mashine yako ina kiburi, Mitchel." Kisha anageuza namba, ya nyuma inakuja mbele, inakubali. Nitaiangalia nikipata nafasi.

Ujumbe wa siku ya kujifungua unatumwa wenyewe. Ulitoa namba ya shemeji Philip, nami nikafurahi: atajua huko Doha kabla hata mama yake hajajua.

Mdogo wako,
Mitchel Musimbi


Matete, Jumatatu, tunapalilia mara ya pili

Mitchel wangu,

Simu iliingia maji. Usijisumbue nayo.

Barua yako imenichekesha peke yangu kama mwendawazimu. Mama mkwe akauliza, "Ni nani huyo?" Nikamwambia ni Mitchel. "Yule mtoto asiyeongeanga?" Ndiye. Akaitazama karatasi mbele na nyuma, akasema, "Kumbe yote anaiweka huku."

Nina afya. Mtoto bado ni mdogo, lakini nadhani nimeanza kumsikia, kama samaki anayegusa kidole. Obusuma, ugali wetu, inashuka vizuri, mboga inakataa.

Niambie kitu kimoja. Mlimwandikia Philip tarehe gani? Kadi yangu ya kliniki mama mkwe ananiwekea yeye. Nijibu kwa mkono wa Christine, na uifunge barua kwa gundi.

Alice


Lubao, 18/6/2025

Dada,

Gundi ya nini, kwani tuna siri gani? Haya, nimefunga.

Nimefungua ukurasa nikatazama. Ni tarehe saba Desemba! Mtoto wa Krismasi! Nimeshaona: sherehe moja, keki moja, baba hana haja ya kununua zawadi mara mbili. Sista Hamida anasema watoto wa Desemba huwa wapole kwa sababu wanakuta watu wameshiba. Sijui ametoa wapi.

Mwambie Philip aombe likizo mapema. Au nimwandikie mimi? Namwogopa kidogo kwa ule uaskari wake, lakini kwa barua pepe naweza.

Mitchel


Matete, Jumapili baada ya kanisa

Mitchel,

Keti chini.

Simu haikuingia maji. Mama mkwe aliichukua siku ileile ujumbe wenu ulipofika Doha, maana Philip alimpigia yeye kabla ya kunipigia mimi. Tangu hapo sijaishika.

Umefurahia Desemba. Sasa rudi nyuma, wewe uliyesoma. Toka Desemba ondoa miezi tisa. Ni Machi. Na Philip alipanda ndege mwezi wa Februari, tarehe ishirini. Wewe mwenyewe ulimbebea begi mpaka stendi ya Kakamega.

Sista Hamida aliponiuliza siku zangu za mwezi za mwisho nilimwambia tarehe tatu, mwezi wa pili. Nilisema kwa mdomo wangu, akaandika nikimwona. Hapo Philip alikuwa bado nyumbani, na mtoto anatakiwa aje mwanzoni mwa Novemba. Ni nani amemsukuma mpaka Desemba?

Nimemweleza mama mkwe. Akanijibu, "Mtu anaweza kudanganya. Mashine inadanganya kwa faida ya nani?"

Nalala jikoni sasa. Si pabaya, kuna joto la majivu. Usimwambie baba. Akisikia atatoka kwetu Isecheno na panga lake la msitu, na nitakuwa nimevunja nyumba mbili badala ya moja.

Tazama tena hiyo mashine yenu. Nakuomba.

Alice


Lubao, tarehe 2 Julai 2025

Dada yangu Alice,

Nimeandika mwezi kwa jina lake. Nitaandika hivyo mpaka nife.

Ni mimi. Si Sista, si mashine. Nitakueleza taratibu, kwa sababu nimejieleza mwenyewe mara nyingi na kila mara natumaini hadithi itaishia pengine.

Mfumo ule una kurasa mbili. Mmoja wa kujazia, mmoja wa kutazama. Mimi nilibadilisha wa kutazama tu, ule unaopendeza macho ya wageni. Wa kujazia niliuacha jinsi ulivyotoka ng'ambo, mwezi mbele. Sista aliposikia tarehe tatu mwezi wa pili aliandika 03/02, kama sisi sote tunavyoandika. Fomu ikasoma mwezi wa tatu, siku ya pili. Ikakunyamazia. Ikahesabu kutoka Machi, ikamtumia mumeo Desemba.

Na yale maneno mekundu tuliyokuwa tunacheka? Ilikuwa inajaribu kutuambia. Mtu akisema tarehe kumi na nne, fomu inatafuta mwezi wa kumi na nne, haupo, inapiga kelele. Sista anageuza, inaingia sawasawa. Lakini tarehe ndogo kama yako, inayoweza kuwa siku na inayoweza kuwa mwezi, inapita bila kelele. Wenye kelele wamepona. Walionyamaza ndio wameharibika.

Sasa sehemu mbaya zaidi, na naiandika haraka nisije nikaiacha. Siku niliyopata barua yako nilikimbia nikarekebisha kabla hata ya kufikiri. Nilizifanya kurasa zote mbili zifanane, siku kwanza, mwezi kwa jina, kila mahali. Nikajiona nimeponya. Kisha nikafungua jina lako, nikakuta pameandikwa: 2 Machi 2025. Kwa herufi nzuri. Bila shaka yoyote.

Dada, kabla sijagusa, ukurasa mmoja ungeonyesha 03/02 na mwingine 02/03. Zilikuwa zinapingana, na kupingana kwao ndiko kulikuwa shahidi wako. Mimi nikazipatanisha. Naweza kurudisha zilivyokuwa, lakini nani ataamini ukurasa uliogeuzwa na mdogo wako?

Nilimwonyesha Sista. Aliketi akashika ushungi wake.

"Na kadi yake?"

"Uliijaza ukitazama skrini, Sista."

"Innalillahi. Na wengine?"

"Sijui wengine. Hakuna njia ya kumtofautisha aliyegeuzwa na asiyegeuzwa."

Nikauliza kuhusu picha ya tumbo. Akasema hiyo hupigwa mapema, na hata ikipigwa sasa inaweza kupotea wiki mbili huku au huku, na vita vyako viko hapohapo katikati. Kisha akasema, "Mimi nitawapigia akina mama mmoja mmoja. Wewe mwandikie mume wa dada yako." Nami nimekubali.

Hukunitukana kwenye barua yako. Ungenitukana ningejua pa kusimama.

Mitchel


Kwa barua pepe
Lubao, tarehe 4 Julai 2025

Shemeji Philip,

Ni mimi Mitchel, mdogo wa Alice, uliyeniambia stendi kwamba ukirudi unikute nimejifunza kusalimia watu.

Ujumbe uliopokea kutoka kliniki ulikuwa na kosa, na kosa ni langu. Alice alisema tarehe tatu Februari. Fomu niliyoiweka mimi ilisoma mwezi kwanza, ikaifanya tarehe mbili Machi. Ndiyo sababu ikakuambia Desemba. Mtoto ni wa Novemba. Sista Hamida anaweza kushuhudia kwamba aliandika alichoambiwa.

Nakuomba umpigie Alice. Mama anayo simu yake.

Samahani sana. Siwezi kuandika samahani ya kutosha.

Mitchel Musimbi


Doha, 2025-07-09

Shemeji Mitchel,

Nimesoma. Niko lindo la mchana, jua la hapa linachemsha akili, kwa hivyo nimesoma mara mbili.

Nataka kuamini. Hujui nataka kiasi gani. Chumbani tuko watu sita, na wanne kati ya wenzangu wameshapokea habari za nyumbani za aina hii. Nilikuwa nawacheka. Siku ujumbe wenu ulipofika nilikuwa nimewaonyesha simu kabla sijausoma mwenyewe, nikisema, "Oneni, mimi nitakuwa baba." Bilal, wa kutoka Matungu, ndiye aliyehesabu kwanza. Aliniangalia tu, akaenda kufua nguo.

Wewe ni damu ya Alice. Ungeniandikia kitu gani kingine? Kama ni kosa la mashine, mashine ina kumbukumbu. Nipigie picha ya hiyo skrini jinsi ilivyo, usiguse kitu, unitumie. Nitaamini nitakachoona.

P. Lusweti


Kwa barua pepe
Lubao, tarehe 10 Julai 2025

Shemeji,

Picha hii hapa. Imeandikwa 2 Machi 2025, kwa sababu nilisawazisha tarehe zote kabla sijajua utaomba. Zamani ukurasa wa kujazia ungeonyesha namba kinyume na orodha, na ungeona kwa macho yako. Ningeweza kuubadilisha nikupigie picha unayoitaka. Ni kazi ya dakika chache. Ndiyo maana sikufanya. Umesema nisiguse.

Nakuomba uamini maneno badala ya picha.

Mitchel


Doha, 2025-07-10

Nimeona. Asante.

P. L.


Matete, Alhamisi

Mitchel,

Sijui ulimtumia nini Philip, lakini simu yake kwa mama mkwe ilikuwa fupi. Mama alitoka nje, akasimama kwenye shimo la mbolea muda mrefu akitazama ng'ombe. Aliporudi akasema wazee wa ukoo watakaa Jumamosi ya wiki ijayo, mchana, hapa nyumbani.

Nataka uje. Si kwa barua. Uje usimame mbele yao, useme kwa mdomo ulichoniandikia, ile hadithi ya kurasa mbili. Hawa wazee hawaamini karatasi, karatasi ndiyo imetuletea haya. Wanaamini mtu anayetetemeka mbele yao lakini anasema. Wewe utatetemeka, najua. Tetemeka tu.

Mimi sitaruhusiwa kusema sana. Mke anayeulizwa hajitetei, akijitetea anaonekana mkali. Mama yetu angekuwa hai angekuja yeye. Baba hawezi kukaa na wakwe akazungumzia hedhi ya binti yake, angekufa palepale. Nimebaki na wewe.

Alice


Lubao, tarehe 28 Julai 2025

Dada mpendwa,

Nisamehe. Jumamosi niliamka na homa, malaria nadhani, nikashindwa hata kuvaa viatu. Ndani nimeweka maelezo yote kwa wazee, nimeyaandika kwa Kiswahili rahisi, na nimechora kurasa zenyewe mbili waone. Christine anaweza kuwasomea wakikutana tena.

Niambie walisema nini.

Mitchel


Matete, mwezi wa nane, siku siihesabu

Mitchel,

Pole na malaria.

Wazee walikula kuku, ingokho mbili nzima, wakanywa chai wakaniuliza maswali mawili. La kwanza, kama kuna mtu. Nikasema hakuna. La pili, kama nina hakika na tarehe tatu. Na hapa nitakuambia wewe peke yako. Sikuwa na hakika. Ilikuwa tarehe mbili, tatu, nne, sijui. Nilitaja tatu kwa sababu Sista alikuwa amenyanyua mikono juu ya vibonye akiningojea, na mimi sipendi mtu aningojee. Lakini baba ya mtoto wangu simjui kwa kalenda. Namjua kwa sababu ni mmoja.

Niliwaambia nina hakika.

Maelezo yako yalifika wameshaondoka. Mama mkwe aliyachukua akatazama michoro. "Hii ni nini?" Nikamweleza. Akakunja, akaweka kwenye kabati la vikombe.

Uamuzi wao ni huu. Mtoto mwenyewe atasema. Akija mwanzoni mwa Novemba, ni wa Philip, watanunua mbuzi na kuniomba msamaha. Akija Desemba, ni wa mtu, na mimi nitarudishwa Isecheno naye bila jina la hapa. Mzee Sifuna alisema ni hukumu nzuri kwa sababu haihitaji mtu kusema uongo.

Kwa hivyo sasa sote tunatazama tumbo langu kama watu wanaosubiri mvua. Watoto wa jirani wananisalimia wakiangalia hapo.

Alice


Sigalagala, tarehe 6 Oktoba 2025

Dada Alice,

Nimeanza chuo. Siku ya kwanza mwalimu alituambia kila mtu asimame ataje jina na ndoto yake. Nilisimama nikataja jina. Ndoto ilikataa kutoka. Akasema, "Haya, ndoto tutaisikia muhula ujao," darasa likacheka, si kwa ubaya.

Somo la kwanza la mifumo ya wavuti lilikuwa kuhusu jinsi ya kuonyesha tarehe kwa namna moja kwenye kurasa zote. Mwalimu akauliza kwa nini ni muhimu. Wenzangu walisema kwa sababu inapendeza, inaonekana ya kitaalamu. Nilikuwa na jibu. Nililiandika pembeni mwa daftari, nikalifunika kwa kiganja mpaka kengele.

Kliniki, Sista Hamida amewapata akina mama karibu wote. Mama mmoja alipanga kununua nguo za mtoto mwezi huu, kumbe mtoto alikuja mwezi uliopita. Walicheka naye. Kwa wengine kosa langu limekuwa kichekesho, kwako limekuwa jikoni na majivu. Sielewi nani anagawa haya.

Nahesabu wiki zako kila asubuhi, halafu najikataza, halafu nahesabu. Naomba Mungu amlete mwanzoni mwa Novemba. Nimeomba kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kiluhya cha mama. Sijui anasoma ipi kwanza.

Philip amesema chochote?

Mitchel


Matete, Jumamosi, mahindi ya mwisho yako shambani

Mitchel,

Amekuja. Ni msichana. Jumatatu, tarehe ishirini na nne mwezi wa kumi na moja.

Naona ukihesabu. Usihesabu, nimeshakuhesabia. Amechelewa wiki mbili kwa Novemba yangu ya tarehe kumi, amewahi wiki mbili kwa Desemba yao. Amekaa katikati kabisa, kama mtu aliyekataa kuitwa shahidi. Mkunga alipoulizwa kama ametimia au amewahi, alimtazama vidole, masikio, nyayo, akasema, "Ni mtoto. Mnataka awe nani?"

Mzee Sifuna alikuja na wenzake wawili. Walikaa nje. Nilisikia mmoja akisema, "Sasa tunafanyaje?" na mwingine akisema, "Tungesema mwisho wa Novemba tusingekwama." Wakabishana kama ni upande gani ulio karibu zaidi. Walikunywa uji wakaenda bila uamuzi. Hawajarudi. Nadhani hawatarudi, wanaona aibu.

Philip ameambiwa. Alimwambia mama mkwe atakuja Februari amtazame. Ni hivyo tu. Atamtazama. Mtoto wangu atasubiri kutazamwa.

Siku tatu mama mkwe alikuwa ananiletea maji ya moto, anaogesha mtoto, anaondoka. Anamgeuzageuza kwenye beseni kama anayetafuta mahali palipoandikwa. Jana asubuhi nilikuwa jikoni nanyonyesha, watoto wa jirani wakaingia uani na kelele zao za mpira. Nikamsikia anawafokea: "Nendeni huko! Hamwoni Nekesa amelala?"

Nekesa. Ni jina la wasichana wao wanaozaliwa wakati wa mavuno. Hakuniambia mimi. Hakumwambia Philip wala wazee. Amewaambia watoto wa mpira. Nimekaa pale na titi nje nikalia kimya, nisimwamshe.

Baadaye nilipeleka vikombe kabatini. Karatasi yako ya michoro haipo tena. Sikuuliza.

Kwa hivyo hatujashinda na hatujashindwa. Bado tunalala jikoni, sasa tukiwa wawili. Mbuzi hakuna. Februari iko njiani na mimi sina la kufanya ila kunyonyesha.

Sasa lile neno nililoliweka tangu mwezi wa saba. Jumamosi ya wazee nilikuona. Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe, nikakuona nje ya ua, karibu na mlango, umevaa lile shati lako la bluu la shule. Ulisimama muda mrefu sana. Nikasema moyoni, ingia, ingia, ingia. Mama mkwe akaniita, nikageuka, nilipotazama tena nikaona mgongo wako.

Sikukasirika kwamba uligeuka. Nilikasirika kwa malaria. Ungeniandikia tu, "Niliogopa." Mimi pia nilikuwa naogopa, tungeogopa pamoja.

Barua zako nzuri, Mitchel. Nazisoma mpaka zinachanika kwenye mikunjo. Lakini hakuna hata moja inayoweza kumshika mtoto nikaoge.

Alice


Sigalagala, Jumanne

Dada,

Niliogopa.

Nilikuwa nimeyakariri maneno yote tangu Lubao. Nilipofika kwenye ua nikasikia mzee mmoja akicheka, cheko la kawaida tu, la mtu aliyeshiba, na yote yakafutika. Sikukumbuka hata jina langu. Nilisimama nikikutazama na ile sinia, nikaona tumbo lako limegusa ukingo wake, nikageuka. Malaria niliitunga nikiwa njiani kurudi. Nimekudanganya kwa mwandiko mzuri, kama ule ukurasa wangu.

Kama ningeingia, pengine wangeamini. Pengine ungekuwa unalala ndani. Sitajua kamwe, na hiyo ndiyo barua ninayojiandikia kila usiku, haifiki popote.

Februari sijui itasemaje. Sina cha kumwonyesha Philip. Nina mdomo huu tu, ambao unaujua ulivyo.

Hii sitampa Christine. Nimevaa lile shati la bluu, na naileta mwenyewe. Ukiwa unaisoma nimesimama mbele yako, na huenda mama mkwe yupo, na huenda sijasema hata hodi. Usiningoje niseme.

Nipe mtoto, ukaoge.

Mitchel